Mwambie Mwenyewe

Mheshimiwa Mkaguzi wa Usalama Kazini; Mheshimiwa Diwani; ndugu wageni waalikwa, wauza samaki, wenye mabucha, na mwakilishi wa hospitali, ninyi mnaonunua barafu yetu kila siku na kututukana kila inapochelewa; wafanyakazi wenzangu; Mama yetu mzazi; na wewe Dada, uliyetukusanya hapa leo kwa kustaafu kwako: habari za mchana.

Wenzangu wakifika hapa husema itifaki imezingatiwa. Mimi siwezi kusema hivyo, maana yupo mtu mmoja ambaye sijamtaja naye hana kiti kati yetu. Kaka yetu, fundi mkuu wa mitambo, yuko kule ng'ambo ya uwanja, ndani ya chumba kile ambacho mlango wake mnauona uko wazi. Yuko peke yake na kompresa mpya, mashine ya kugandishia barafu. Ratiba inasema nikimaliza kuzungumza ataiwasha, tutapiga makofi, kisha tutakunywa soda. Wengi wenu mnajua kilichompata mara ya mwisho alipoingia kwenye chumba hicho hicho amonia, gesi kali ya kupozea, ikiwa imetoka kwenye bomba. Alitolewa amebebwa. Jicho lake la kushoto halikurudi, na kifua chake hadi leo kinapiga filimbi akipanda ngazi.

Naona baadhi yenu mnajikinga jua kwa kadi za mwaliko. Mtuwie radhi. Viti vimepangwa upande huu si kwa sababu tumekosa nafasi upande wa kivulini. Upepo unatoka mgongoni kwenu unaelekea kule. Mkaguzi ndiye aliyechagua, na alichagua akiwa amelowesha kidole na kukiinua juu. Afadhali jua liwachome kuliko gesi.

Sasa niseme jambo ambalo meneja mpya hashauriwi kulisema siku anayotambulishwa kwa wageni. Naogopa. Naogopa tangu nilipoamka. Chai imenishinda. Kama kuna aliyekuja kumwona kiongozi asiyetikisika, amekosea anwani.

Lakini kwanza nimsemee Dada, kwa sababu siku ni yake.

Dada aliniita juzi akaniambia, "Wewe mtoto, usije ukanisifu kama marehemu. Hotuba za kustaafu na za mazishini zinafanana, tofauti yake ni kwamba mwenyewe yuko pale anakunywa soda. Sema kweli." Nikamwuliza, kweli yote? Akasema, "Yote. Watu wenyewe walikuwepo, utamficha nani?" Kwa hiyo ninachosema nimetumwa, na aliyenituma mnamwona anatabasamu, ingawa miguu yake chini ya kiti haitulii.

Baba alipofariki, kiwanda hiki kilikuwa mashine moja iliyochoka na wateja walioanza kutukimbia. Dada alikishika. Wafanyakazi walimpa jina la Jenereta, wakidhani halijui, naye akilijua tangu siku ya kwanza. Jina hilo lilimfaa: umeme ukikatika yeye ndiye anayewaka. Dereva akiugua, Dada anapeleka lori. Mpakiaji akifiwa, Dada anapakia. Nani kati yenu wafanyakazi hajawahi kuanza kazi yake asubuhi akakuta Dada ameshaimaliza? Naona mnacheka, mnajijua. Barakoa za gesi, zile za kujikinga na amonia, alizifungia ofisini kwake zisiibiwe, na ufunguo akaufunga kiunoni. Gurudumu la kufungia bomba kuu alikuwa akilizungusha mwenyewe, kwa sababu, kwa maneno yake, "nikimwachia mtu sitalala." Tulimpenda kwa hayo. Tulistarehe kwa hayo pia, na kustarehe kwetu ndiko kulikokaribia kutuua.

Jirani na upendo huo, nyumbani kwetu tulikuwa na desturi moja. Dada na Kaka hawakuwa wakizungumza. Sisemi waligombana, laiti wangegombana! Wao walikuwa wakitumana. Dada akitaka jambo kwa Kaka, anamwambia Mama: "Mwambie mwanao." Kaka akitaka jambo kwa Dada, anamwambia Mama: "Mwambie Dada." Wanafanya kazi kiwanda kimoja, wanapishana mlango mmoja, lakini maneno yao yanapanda kilima hadi jikoni kwa Mama, yanapumzika, yanatiwa chumvi, yanateremka tena jioni. Na mimi kitinda mimba nilikuwa mji mwingine kabisa, sipokei simu zao, najisifu kwa marafiki kwamba katika familia yetu mtulivu ni mimi. Kumbe sikuwa mtulivu. Nilikuwa mbali tu.

Basi wiki ile Kaka alisikia mluzi mwembamba kwenye valvu ya chini ya kompresa ya zamani. Fundi akisikia valvu inatoa sauti isiyo yake, anasema inalia. Akapita kwa Mama, akamkuta anaosha vyombo, akamwambia, "Mama, mwambie Dada ile ya chini inalia, aniruhusu nizime mashine niitazame."

Jioni Dada akapita kwa Mama. Mama akamwambia, "Mdogo wako analia."

Ndugu zangu, tofauti yake ni herufi moja. Inalia, analia. Lakini msimcheke Mama. Masikio ya mama hayajaumbwa kusikia valvu; husikia mtoto. Tangu Kaka akiwa mdogo Mama ana hofu kwamba huyu mwanawe wa kiume ataonewa na dada yake, na hofu ile ndiyo iliyosikiliza, ndiyo iliyoshika neno na ndiyo iliyolipeleka. Dada naye alikuwa amechoka, umeme umekatika mara mbili siku hiyo, akajibu, "Mwambie anyamaze. Mimi mbona silii?" Mama akamfikishia Kaka kwa upole wake wote: "Mwanangu, dada yako anasema unyamaze."

Kaka akanyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi mshindo tuliusikia.

Ilikuwa saa za kazi, lori linapakiwa. Walioko hapa mnakumbuka ile harufu, ambayo kwa kweli si harufu, ni kofi. Macho yanafumba yenyewe, koo linajifunga. Mtu mmoja alipiga kelele "Gesi!" na kabla sauti haijafika ukutani, kila mtu alikuwa akikimbilia mlango mkubwa, ambao wakati ule ulifunguka kwa kuvutwa ndani. Nani atauvuta mlango ndani na watu wote wameulalia? Walikanyagana pale kwa hofu, si kwa gesi. Gesi nyingi ilikuwa bado upande wa pili. Dada alikuwa kila mahali kwa wakati mmoja, anazima umeme, anapiga king'ora, anarudi kuhesabu watu, na kila alipopita akipiga kelele watu walizidi kuchanganyikiwa, maana waliona hata Jenereta ameogopa. Barakoa ziko ofisini, ofisi imefungwa, ufunguo uko kiunoni mwake na hakuna anayeweza kumkamata. Ukimwondoa Dada, Kaka ndiye peke yake aliyejua gurudumu lilipo, kwa kuwa aliliweka pale kwa mikono yake kabla halijawa mali ya Dada. Akafunga shati lililolowa usoni, akaingia. Alilizungusha hadi mwisho. Kisha akaanguka.

Hakuna aliyekufa. Mkaguzi aliandika kwamba ni bahati, na mimi sibishani naye.

Nikaja. Pale wodini nilimkuta Kaka amefungwa macho yote mawili, Mama upande huu wa kitanda, Dada upande ule, na jambo la kwanza nililosikia Dada akisema, mbele ya Kaka aliyelala katikati yao, ni hili: "Mama, mwulize kama anataka maji." Na Kaka akasema, "Mama, mwambie ndiyo." Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikatoka nje kulia.

Mshauri nasaha wa hospitali ile, mwanamke mpole mwenye kikohozi kisichoisha, alituomba sote tukae naye. Alituambia kuna elimu inayoitwa nadharia ya mifumo ya familia, inayosema kwamba familia si watu kadhaa waliokaa pamoja, bali ni kitu kimoja chenye mishipa, na hofu ya mmoja husafiri kwenye mishipa hiyo hadi itue kwa mwingine. Watu wawili wakiogopana, alisema, humvuta wa tatu wakamweka katikati, abebe wasiyoweza kuambiana. Akatuchorea pembetatu kwenye bahasha ya dawa. Kisha akamgeukia Kaka.

"Ulimwambia Mama nini siku ile? Neno kwa neno."

"Nilimwambia ile ya chini inalia."

Mama akashtuka. "Si ulisema unalia wewe?"

"Nilie nina nini, Mama? Valvu ndiyo ilikuwa inalia."

Dada akaangua kicheko, kicheko kibaya ambacho sijawahi kukisikia kwake, kikageuka kwikwi, akapiga magoti kando ya kitanda akamshika Kaka mkono. Akamwambia, bila kupitia kwa mtu, "Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekwambia unyamaze." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumsikia akimsemesha.

Na ninyi mlioko hapa, mnaoongoza shule, masoko, wodi, nyumba, je, kwenu hakuna Mama wa katikati? Hakuna karani anayebeba hasira ya bosi kwenda kwa dereva, na kinyongo cha dereva kurudi kwa bosi, hadi karani anaugua tumbo na madaktari hawaoni kitu? Hakuna mkubwa anayefanya kila kitu, na wadogo ambao kila mwaka wanazidi kuwa wadogo? Mimi nilidhani kiongozi mtulivu ni yule asiyeogopa. Mshauri yule alinikatalia. Alisema woga haukatazwi. Kinachokatazwa ni kuutafutia mtu mwingine wa kuubeba. Ukae karibu na watu wako, uwaone, wakuone, uwasikie wanavyotetemeka, lakini kutetemeka kwao kusiwe ndiko kunakokuendesha. Ukikimbia umewaacha. Ukimezwa na woga wao umewaacha vilevile. Ni rahisi kusema nikiwa hapa upande wa upepo.

Kwa hiyo nilipopewa ofisi hii nilianza na mambo madogo. Barakoa sasa zinaning'inia kwenye misumari kando ya kila mlango, na mlango mkubwa unafunguka kwa kusukumwa nje. Kila mfanyakazi amelizungusha lile gurudumu kwa mkono wake, hadi mpika chai. Na mtu akiingia ofisini kwangu akaanza, "Bosi, watu wanasema," namwuliza swali moja: umemwambia mwenyewe? Kama hajamwambia, namfungulia mlango aende akamwambie. Kama anaogopa, tunakwenda wawili, lakini anayesema ni yeye.

Mnadhani walinishukuru? Walinisusia. Mpakiaji mmoja, naye yuko pale nyuma anajificha, alisema mimi nina roho ya friza. Wengine wakaenda kumlilia Dada nyumbani kwake, na Dada, mazoea yana taabu, akanipigia simu: "Watu wanasema huna huruma." Nikamwuliza, "Nani, Dada?" Akakata simu. Baadaye akapiga tena akicheka. Mshauri alikuwa ameshanionya kwamba ukibadilika wewe, jamaa zako wote watakuvuta urudi ulipokuwa, na watakuvuta kwa mapenzi.

Sasa nifike kwenye jambo la leo, nalo ni zito kwangu.

Mama, jambo hili nilikuomba ruhusa kulisema. Uliniambia, "Sema, lakini usinitazame." Ndiyo maana natazama mlango ule.

Asubuhi Mama alinijia chumbani nikiwa navaa. Akafunga mlango. Akaniambia, "Mwanangu, mtoe kaka yako kule. Mpe kazi nyingine, mpe lori, mpe ofisi, mashine wawashe vijana. Wewe ndiye mkubwa wao sasa, neno lako halipingwi. Ila usimwambie kwamba ni mimi niliyesema." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimtazama Mama, mikono yake imeshika kanga kama mtu anayekamua nguo, na mwili wangu wote ukasema: mtoe. Ni kweli naweza kumtoa. Ningemwita tu, "Kaka, njoo ukae na wageni," na hofu ya Mama ingetulia, na yangu ingetulia, na tungekunywa hii soda kwa amani.

Na Kaka angejifunza kwamba tumerudi kulekule. Fundi aliyerudi kwenye chumba kilichomla jicho, bila kulazimishwa na mtu, angeondolewa kwa neno lililopita nyuma yake. Siku nyingine akisikia kitu ndani ya mashine, angemwambia nani?

Nilimjibu Mama, "Mama, mwambie mwenyewe." Sijawahi kumjibu Mama hivyo maisha yangu yote. Alinitazama kana kwamba nimemfungia mlango. Akatoka. Sikujua kama alikwenda kwa Kaka au hakwenda, na sikuuliza, na tangu saa ile roho yangu iko mkononi.

Mimi nilikwenda. Nilimkuta anafuta mafuta vidoleni, nikamwambia, "Kaka, mimi naogopa. Sikwambii uache. Nakwambia tu naogopa." Akasema, "Hata mimi." Akaendelea kufuta. Kisha akasema, "Lakini usije ukanichungulia mlangoni. Ukinichungulia nitaharakisha." Basi, nimesimama hapa. Mnaona nilivyo mbali. Kila hatua iliyopo kati yangu na mlango ule inaniuma.

Dada, tunakushukuru. Ulitubeba hadi mgongo ukapinda, na leo tunakuomba kitu kigumu kuliko kubeba, ukae kwenye kiti hicho na usisaidie. Wafanyakazi wamechanga wakakununulia zawadi, utakabidhiwa baadaye, nami nimeapishwa nisiitaje.

Ratiba sasa inasema mashine iwashwe. Hapa palipangwa mimi ninyanyue kitambaa hiki cheupe, Kaka akione, abonyeze. Sitanyanyua kitambaa. Nitamwuliza, na ninyi mtasikia.

Kaka! Unanisikia huko? Uko tayari?

…

Amesema bado.

Mmesikia? Nisamehe, Mheshimiwa, naona unatazama saa yako, na najua una kiwanda kingine cha kwenda kukagua. Amesema bado. Sijui bado ya nini. Inaweza kuwa nati moja, inaweza kuwa jambo kubwa, inaweza kuwa ni hadi kesho, na wauza samaki mtarudi leo bila barafu. Hofu yangu haijapungua hata chembe; sasa imepata na kitu cha kutafuna. Sitakwenda kumwuliza kwa nini. Akiwa tayari kusema, mlango uko wazi.

Dada, keti. Tafadhali, Dada. Nimekuona.

Mama? Mama, unakwenda wapi? Hapana, mwacheni apite. Msimshike mkono, mwacheni. Nenda, Mama. Ila chukua barakoa pale msumarini, uvae vizuri, na ukifika mlangoni umwite kwa jina lake.

Ndugu zangu, mashine haiwashwi. Fundi amesema bado, na kiwandani humu neno hilo likishasemwa na mwenye kazi limekwisha, hata mbele ya mgeni rasmi. Yule ni mama yangu anavuka uwanja, na mimi namwacha avuke, na magoti yangu haya yanataka kumkimbilia. Mmenisikiliza kwa uvumilivu, nawashukuru sana. Nawaomba sasa tukae kimya, ili wale wawili wasikilizane.